Choya ya Majani Mekundu

Mbegu za choya nilikuja nazo kutoka Dodoma, nimezifunga kwenye pindo la kanga. Nikaziotesha ndani ya ndoo za rangi, juu ya paa la nyumba nilimokuwa nikifanya kazi za ndani, mtaa wa Ghubra, ng'ambo kwa Waarabu. Mwaka wa kwanza miche ilichanganyika, mingine majani ya kijani, mingine mekundu. Bibi mwenye nyumba, mzaliwa wa Unguja, alikunywa juisi ya maua ya ile myekundu akasema tangu aondoke kwao hajapata choya kama hiyo. Basi nikawa naing'oa ya kijani kabla haijachanua, isije ikaharibu mbegu. Msimu wa tatu ikaota myekundu karibu yote. Nilijivuna, sifichi. Nyumba nzima ile sikuwa na kingine changu.

Siku moja mtoto wa kiume wa Bibi, mtu mzima wa ofisini, alipanda kutazama tangi la maji. Akashika jani lenye vidole vitano, akaniuliza kwa upole nani kachagua mbegu. Mjinga mimi, nikajibu haraka: mimi mwenyewe, msimu wa tatu huu, nachagua kwa rangi.

Akanionyesha simu. Picha ilikuwa ya bangi yenye majani ya zambarau, na maandishi akanisomea: rangi ile wakulima wake huitafuta makusudi, wakichagua mbegu mwaka hadi mwaka. Kumbe nilikuwa nimeshakiri kwa mdomo wangu.

Nikamsihi aonje jani, ni chachu kama ukwaju. Hakutaka. Nikasema basi tumuulize mama yake.

Bibi alikuwa sebuleni, gilasi ya choya mkononi. Mwanawe akamwekea jani magotini. Alilitazama, kisha akautazama uso wa mwanawe uliokwisha kukunjamana.

"Mie majani ya bara siyajui," akasema. "Nlidhani kapanda mchicha."

Nikaing'oa yote kwa mikono yangu, nimesimamiwa. Mbegu za akiba zikamwagwa chooni. Nikaambiwa nishukuru kwamba polisi hawakuitwa, nami nikasema ahsante. Ahsante ile inaniuma kuliko miche.

Ramadhani ilipoingia, wakati wa kufuturu, Bibi alinishika mkono.

"Mwanangu, nna hamu na ile choya yako."

Nikamletea maji.