Kichuguu Nilichoachwa

Mtu akiniambia "ningojee hapa, narudi sasa hivi," mimi huondoka. Wanangu wanalijua hilo na wanalicheka. Marehemu mke wangu alizoea kunikuta nimeshafika nyumbani, nimekwisha kuvua viatu, na yeye jasho linamtoka kwa kunitafuta sokoni kwenye kona tuliyoagana. Alinisema miaka mingi, hakunibadilisha. Sababu nilimweleza mara moja, tena nusu. Leo nitaisema yote, maana aliyenifanya niwe hivi amekufa na sina tena wa kumwonea haya.

Tulikuwa vijana wa Élisabethville katika miaka ya hamsini. Baba yangu alitoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli, na sisi watoto wake tulikulia katika nyumba za matofali zilizopangwa mstari, Jumapili misa, Jumamosi kundi la vijana wa parokia. Tulivaa kaptula za kaki na fulari ya kijani shingoni, na watu wa mtaa walituita baskuti, yaani maskauti. Padri aliyetuongoza alikuwa Mbelgiji mwembamba, miguu mirefu, mpenda pori kuliko sisi ambao pori lilianzia nyuma ya nyumba zetu. Tulimwita Mompere, kwa Kifaransa "baba yangu". Alikuwa na kitabu kidogo cha mambo ya kambi, na alikisoma kwa sauti ile ile aliyosomea Injili.

Sheria zetu zote za kujilinda zilitoka humo. Hakuna kutembea peke yako. Kiongozi mbele, mmoja nyuma kabisa, na yule wa nyuma asiachwe. Maji yachemshwe. Viatu vikung'utwe asubuhi kwa sababu ya nge. Na ile kubwa kuliko zote: ukipotea, kaa palepale, usiende hata hatua moja, washa mioto mitatu na uitie majani mabichi itoe moshi, wenzako watauona na watakuja. Kila Jumamosi tuliikariri tukiwa tumesimama mkono kifuani.

Baba aliposikia hiyo ya mwisho alicheka mpaka akakohoa.

"Kukala chini mu majani ya kukauka?" akasema. "Ile kitabu baliandika kwabo ku Bulaya, kwenye mvula inanyesha kila siku. Unisikie mi. Kama moto inakuya, uchome kwanza majani yenye iko karibu yako, halafu usimame kwenye ilisha kuungua."

Nilimsikiliza kwa adabu, lakini moyoni nilimwona mzee wa kijiji. Mimi nilikuwa mtu wa kitabu.

Kiongozi wa kikosi chetu alikuwa majina yangu. Niliyebatizwa naye jina moja, maana yake. Kwetu jambo hilo si dogo. Hamwitani kwa jina lenyewe, mnaitana Majina. Mama yake ni mama yako, na akikukuta umekaa na njaa anakulaumu wewe kwa kutoingia jikoni kwake. Ukimtukana umejitukana, akiaibika umeaibika. Tulikuwa hivyo tangu darasa la kwanza. Alikuwa na sauti nzuri, Kifaransa chake hakikuwa na vumbi, na Mompere alipotuambia kwamba kiongozi mmoja atachaguliwa kwenda naye kwa ndege kwenye mkutano mkubwa wa vijana Ubelgiji, hakuna aliyeuliza ni nani. Nilijivuna kana kwamba naenda mimi. Wala sikuona wivu, nasema kweli.

Mwezi wa nane tulipanda treni kwenda kupiga kambi karibu na Kambove, ambako baba yangu mdogo alikuwa akifanya kazi mgodini. Mahema yalisimamishwa kando ya kijito. Siku ya pili vikosi vilitumwa kutembea, kila kimoja na njia yake, na jioni lazima vyote viwe vimerudi. Mompere alisema mbele ya wote, kidole juu, kwamba kiongozi atakayerudi na mtu mmoja pungufu atavua fulari na uongozi.

Tulikuwa sita. Majina mbele, mimi nyuma kabisa kwa sababu ya ukubwa wangu, katikati vijana wanne. Kufikia saa tano nilijua tumepotea, maana tulipita mara ya pili penye mti uliochunwa gome. Majina naye alijua, ila hakutaka kusema. Na mimi nilikuwa na shida yangu. Viatu nilivyoazimwa vilinibana, lengelenge la kisigino likapasuka, nikawa nachechemea. Tulipofika kwenye kichuguu kikubwa, vile vichuguu vya kwetu vinavyoshinda nyumba kwa kimo, akasimama.

"Majina, ukale hapa," akaniambia. "Mguu yako inaturudisha nyuma. Tunaenda kutafuta njia, halafu mi mwenyewe nitakuya kukukamata, turudie pamoja."

"Mompere alikataza kuacha mutu," nikasema.

"Mi si Mompere. Mi ni majina yako."

Nikakaa. Nani angebisha neno kama hilo? Aliniachia chupa ya maji na kibati cha viberiti, akanipiga begani, wakaondoka. Nilimsikia akiimba, kisha sikumsikia tena.

Saa za kwanza zilikuwa nzuri tu. Nilivua viatu, nikaosha kidonda kwa maji kidogo, nikafunga kwa kitambaa. Saa nane nikaanza kusikiliza. Saa tisa nikapanda juu ya kichuguu nikitambaa kwa magoti, na kutoka juu nikaona ukuta wa moshi wa rangi ya kahawia upande wa mashariki, mrefu kuliko macho yangu. Wawindaji walikuwa wamechoma pori, kama inavyofanywa kila mwaka majani yakikauka, na upepo ulikuwa ukielekea kwangu. Siku hiyo nilijua kwamba kitabu cha Mompere hakikuandika habari zangu.

Nilikumbuka maneno ya baba, na aibu ikanishika kwa kuyacheka. Nikavunja tawi la majani mabichi kwa ajili ya kupigia moto, nikawasha majani upande wa chini wa kichuguu. Mara ya kwanza yaliniwakia usoni, yakachukua nyusi zangu. Nilipiga, nikakohoa, nikapiga, mpaka nikapata kiwanja cheusi kama chumba kimoja hivi. Nikasimama katikati yake peku, jivu likiniunguza nyayo, nikalia kwa sauti kama mtoto. Moto mkubwa ulifika, ukanguruma, ukagawanyika kulia na kushoto kwa kukosa cha kula, ukapita. Panya na sungura walikimbia mbele yake, mmoja akasimama karibu na mguu wangu, tukatazamana.

Ulipopita, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuwasha mioto mitatu. Hapo ndipo ujinga wangu ulipo, na siuonei haya kuutaja. Kila kitu kilikuwa kimeungua, njia zote za miguu zilikuwa wazi, ningeweza kufuata mteremko mpaka majini. Lakini Majina alisema atakuja mwenyewe. Nikiondoka akanikosa, si atatembea porini akinitafuta na giza linaingia? Nilimhofia yeye! Nilikwenda kukata majani mabichi kwenye miti ambayo moto haukuifikia, nikayarundika, moshi mweupe ukapanda mistari mitatu, imenyooka, mizuri. Mompere angenipa alama zote.

Usiku nilikaa juu ya kichuguu na moto mmoja chini, sikulala. Asubuhi niliwasha tena mitatu. Maji yalikwisha. Nilikuwa nimeanza kutunga maneno ya kumpokea, ya kumtania, kwamba ameimba mpaka akasahau njia.

Aliyenikuta ni mama mmoja mwenye jembe dogo na kapu, aliyekuja kuchimba mizizi ya munkoyo ya kutengenezea kinywaji. Alinitazama toka miguuni hadi kichwani, mweusi kwa masizi, bila nyusi.

"Mwana yangu, unafanya nini hapa?"

"Minangoja mwenzangu, mama."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jana saa sita."

Hakucheka. Afadhali angecheka. Aliweka kapu chini, akanipa kibuyu ninywe, akasema polepole, "Huyu mwenzako hakuyi. Simama."

Nilimjibu kwa ukali kwamba yeye hamjui majina yangu. Akasema ni kweli, hamjui, na akanishika mkono kama unavyomshika mgonjwa. Kutoka pale kichuguuni hadi kambini haikuwa mbali. Nitawaambia jinsi isivyokuwa mbali: nikichechemea hivyo hivyo, na yeye akisimama mara mbili kuchimba, jua lilikuwa bado halijaniumiza tulipofika kwenye kijito. Hapo akaniacha. Kwa mzungu yeye hafiki, alisema. Sikuuliza hata nyumbani kwake ni wapi.

Kambini walikuwa wakikunja mahema. Hakuna aliyekuwa akinitafuta. Hakuna aliyekuwa na huzuni. Mmoja wa wale wanne aliniona kwanza, akadondosha sufuria.

Mompere alikuja kwa hatua zake ndefu. "Weye! Weye si uko kwa baba yako mudogo, ku Kambove?"

Nikamtafuta Majina kwa macho. Alikuwa nyuma ya Mompere, mikono imejaa kamba za hema, uso umekuwa wa majivu. Baadaye yule kijana wa sufuria alinieleza yaliyotokea. Waliiona njia kwenye saa tisa. Majina akawaambia watangulie, yeye anarudi kunichukua. Alifika kambini jioni, muda mrefu baada yao, peke yake, akasema amenisindikiza mpaka barabara ya Kambove kwa sababu ya mguu, na kwamba nitalala kwa baba mdogo. Walikula, wakaimba, wakasali, wakalala.

"Sema," Mompere akaniambia.

Nami nikamngoja Majina aseme. Ndiyo, nilimngoja tena, hata pale! Niliamini kabisa atasema, "Mompere, kosa ni yangu." Angesema hivyo tu, ningemsamehe moto, nyusi, kiu, vyote. Akafungua mdomo.

"Mompere, unihurumie," akasema. "Yeye njo aliniomba niseme vile. Alitaka kuenda Kambove kukunywa pombe. Mi nilikuwa minamufunika, sababu iko majina yangu."

Watu huniuliza kwa nini nilinyamaza. Wajukuu wangu wanapandwa na hasira: babu, ulikuwa na mdomo! Nilikuwa nao. Ila katika malezi yetu kumuumbua majina yako mbele ya mzungu ilikuwa sawa na kuvua nguo mwenyewe uwanjani. Na mama yake alikuwa ameniwekea mkate safarini, mkubwa kuliko wa mwanawe. Nilitazama chini. Mompere alichukua kimya changu kuwa ndiyo, akasogea, akanifungua fulari shingoni kwa vidole vyake viwili. Alinusa mdomo wangu pia. Sijui alisikia harufu gani zaidi ya moshi.

Baba sikumwambia neno. Alinitazama nyusi, akatazama nyayo zangu, akasema tu, "Ulisimama kwenye ilisha kuungua." Nikaitikia. Alikwenda kukaa nje peke yake muda mrefu. Majina alipanda ndege mwaka uliofuata, tukaambiwa tukampungie mikono, nami nikaenda, nikapunga.

Lakini jambo linaloniamsha hata sasa ni la kwenye treni, siku ile ile ya kurudi. Nilikaa mwisho wa behewa, shingo wazi. Alikuja akakaa kando yangu. Alichezea fundo la fulari yake. Nilidhani anatafuta namna ya kuomba msamaha, na Mungu ananijua, nilikuwa tayari nimeuandaa.

"Majina, usifikiri nilikuacha bule," akaanza. "Nilirudiaka. Nilifika nusu ya njia, nikaona pori inawaka. Nikaogopa. Nikasema: alisha kufa, na mi njo nilimuweka pale."

Akashusha sauti.

"Halafu nikaona moshi yako. Tatu, sawa vile tulifundishwa. Nikapiga magoti, nikashukuru Mungu. Nikasema: iko muzima! Moto ilikuwa ingali njiani, basi moyo ikatulia, nikarudi ku kambi." Akanigeukia na sura iliyotulia kabisa. "Asubuhi pia niliona, bengine balisema ni moshi ya bawindaji. Tatu tena. Kama haungewasha, labda ningesema kwa Mompere."

Alikuwa akinifariji. Hilo ndilo sijawahi kumweleza mtu. Aliona nilivyomwita, akahesabu, akashukuru, na kwa kuwa niliita vizuri hakuwa na haja ya kuja.

Akahema kama mtu aliyetua mzigo. Kabla hatujafika stesheni ya Jadotville usingizi ulimchukua, kichwa kikaniangukia begani. Alikuwa mzito. Ningeweza kumsukuma, ningeweza kuhama kiti, behewa lilikuwa na nafasi. Nilimwachia bega langu mpaka Élisabethville. Kati ya mambo yote ya siku zile mbili, sijasamehe hilo bega.