Firigisi ya Mzee Njeru

Msinipe pole. Pole ni ya mtu aliyekosewa, na hapa mkosaji ni mimi. Bwana yangu Njeru alikufa kwa sumu ya mkono wangu, na mwingine akabebeshwa lawama. Nilifika darasa la tatu tu. Mkiona maandishi yamepinda, yasomeni hivyo hivyo.

Mimi ni mama wa upande wa Kanja. Nilikuwa na kuku wa kienyeji kumi na wanne, wanalala kwa kibanda nyuma ya jikoni. Wakaanza kuisha. Leo asubuhi manyoya, kesho kutwa damu.

Mimi nikasema ni Tomi, mbwa wa shemeji yangu Nyaga, ndugu ya bwana yangu. Tumepakana. Nikamwendea.

"Nyaga, funga mbwa yako usiku!"

"Shemeji, mbwa analinda boma, wewe linda kuku. Ama nikuletee Tomi akufundishe kujenga?"

Akacheka, bibi yake akacheka, hata watoto wakacheka. Nyaga awe wa kwanza kwa hii orodha yangu ya wa kulaumiwa. Kile kicheko ndicho kilinichoma.

Kwa nyumba yangu kulikuwa na Kendi, bibi ya kijana wangu Mugo. Mugo anafanya kazi Nairobi, Kendi alikuwa anakaa na sisi. Msichana wa Kanyakine, kule Meru, mpole, mikono haitulii kwa kazi. Mtoto wao wa kwanza alikuwa msichana, kwa hivyo vile desturi yetu iko, alipewa jina langu. Woi! Nikisikia Kendi akimbembeleza kwa hilo jina, nilikuwa naona kama ni mimi nabembelezwa.

Kendi alichungulia kibanda akaniambia, "Mama, huyu si mbwa. Mbwa atapita wapi?" Akanionyesha pengo chini ya mabati, dogo kama ngumi mbili. "Huyu ni mnyama wa kupanda. Tuzibe hapa na wavu, na chini tupange mawe asichimbe. Nifanye leo?"

"Kanyakine ndio mtanifundisha kuku? Mimi nimefuga kabla mama yako akuzae!"

Pengo likabaki. Kuziba ilikuwa kazi ya nusu siku, jamani!

Asubuhi moja nikakuta tetea mwekundu amekufa, kichwa kimeliwa, mwili mzima uko. Nikamficha kwa gunia. Nikaenda soko la Kianjokoma kwa Mbogo, anayeuza dawa za shamba. Nikamwambia nataka kitu cha kulaza mbwa. Hakuuliza mbwa wa nani. Alisema tu, "Hii akilamba, hata simba haamki." Mbogo ni wa pili.

Jioni nikamjaza yule tetea dawa, chini ya ngozi ya kidari, nikamlaza kando ya kibanda upande wa Nyaga. Sikumwambia mtu. Kendi na bibi ya Nyaga walikuwa wanateka maji pamoja, niliogopa atamtobolea siri. Halafu nikajifunga kitambaa nikaenda kesha la akina mama kanisani. Nimeacha sumu nyuma, naenda kuimba!

Sasa sikieni. Mwezi ule Kendi aliolewa, alikuta kuku ameumwa na mnyama akamtupa. Nilimtukana mpaka akalia. "Kwa hii boma nyama haitupwi! Unakata palipoumwa, unaosha, unapika!" Alishika hayo maneno. Alikuwa mtoto wa kusikia.

Usiku huo wa kesha, giza likiingia, Kendi akaenda kufunga kuku. Akamwona tetea pale, akadhani ameuawa saa hiyo hiyo. Akamnyonyoa, akamwosha kwa mwanga wa simu, akapika. Akampakulia baba mkwe firigisi na kidari chote, vile mzee anapaswa kuheshimiwa. Yeye akachukua shingo na mchuzi kidogo.

Asubuhi nikirudi na wimbo bado mdomoni, nikapata Nyaga anampakia Njeru kwa pikapu, povu limemjaa mdomoni. Kendi alikuwa chini jikoni, anatapika hana nguvu, mtoto analia kando yake. Njeru hakufika hospitali akiwa hai.

Daktari alisema sumu. Wazee wa ukoo wakasema aibu ya nyumba haipelekwi polisi. Tulipomaliza kuzika, wakamwita Kendi katikati ya uwanja. Nyaga ndiye alikuwa anauliza.

"Firigisi ulimpa nani?"

"Baba."

"Wewe ulionja?"

"Hapana."

"Kwa nini hukula alichokula mzee?"

"Firigisi ni ya mzee, baba. Mimi nitakulaje?"

Kila mwanamke pale alijua hakuna mwanamke wa kwetu anagusa firigisi. Hata bibi yake Nyaga hajawahi. Wote wakatazama chini. Mzee mmoja akasema, "Mbona na yeye alitapika?" Nyaga akajibu, "Alilamba kidogo atudanganye."

Kendi akanigeukia. "Mama, si ni wewe ulinifundisha tusitupe? Waambie."

Ilikuwa zamu yangu. Neno moja tu lingetosha. Mnajua nilisema nini?

Nilisema, "Muulizeni vizuri."

Haki ya Mungu, hayo ndiyo nilisema! Mugo, kijana wangu mwenyewe, aliyetoka Nairobi kuzika baba yake, akamtupia nguo zake barabarani. Huyo ni wa tatu, alifuata kilio changu akaacha kutumia macho yake. Kendi akaondoka na mtoto mgongoni, watu wakimzomea "Mmeru wa sumu". Akanitazama mara moja tu. Nikajifunika uso na leso, wakadhani namlilia Njeru.

Kabla mwezi uishe, Tomi akaja asubuhi akaangusha kitu mlangoni kwangu. Kanu! Yule paka wa mwitu wa madoadoa na mkia wa pete. Manyoya ya kuku wangu yalikuwa bado kwa meno ya huyo kanu. Nyaga akaja nyuma akicheka. "Shemeji, si nilikwambia mbwa analinda? Mwizi wako huyu."

Mawe na wavu nimeweka sasa. Kibanda kimeziba hata panya hapiti. Ndani hakuna kuku, niliwauza wote. Mugo hapigi simu.

Nyinyi mnaofuga, zibeni mapengo. Usiweke sumu kwa kitu kinachoweza kuitwa chakula, na ukiweka wazimu wako mahali, waambie wa nyumba yako kabla hujatoka. Na ukiitwa kusema, sema siku hiyo hiyo. Mimi nimesema kuchelewa, tena nimejificha. Angalieni, nimetaja majina ya wengine hapa, langu nimelificha.

Nasikia kule Kanyakine wamembadilisha yule mtoto jina.

Wamefanya vizuri. Lilikuwa langu.