Uvimbe Uliotaka Kuniozesha Tena

Mume wangu alikuwa askari magereza Jinja, mtu wa Karamoja, na mimi mzaliwa wa Nakaloke, karibu na Mbale. Lugha yake siijui, yangu haijui, kwa hiyo nyumba yetu ya kota iliendeshwa kwa Kiswahili, ugomvi na mapenzi yote. Katikati ya miaka ya tisini tumbo lake lilianza kuvimba upande wa kulia, chini ya mbavu. Halikumuuma sana. Mkanda wa sare ndio uliotuambia, kwani kila baada ya miezi michache ilibidi auregeze tundu moja.

Majirani walinong'ona ugonjwa uleule waliokuwa wakimnong'onea kila mtu siku hizo. Niliwanyamazia, maana mdomo wangu ukifunguka haufungiki upesi. Tukaenda kliniki moja ya mjini. Daktari akambonyeza, akatazama picha, akasema ni kansa ya ini, kubwa mno. Alitaka kuingiza sindano ndefu achukue nyama kidogo akapime. Mume wangu akakataa. "Kama nakufa, acha nife bila kutobolewa," akasema, akavaa shati lake.

Basi akafanya lile ambalo mwanamume wa ukoo wao hulifanya akijua anaondoka. Alimwita mdogo wake wa kiume kutoka nyumbani, akaketisha askari wawili wa huko kwao wawe mashahidi, akamwambia, "Nikifa, huyu na watoto ni wako." Kwao mwanamke naye lazima ajibu kwa kinywa chake mbele ya watu, la sivyo neno halishiki. Wote wakanigeukia. Nilikuwa nimeshika birika la chai. Hakuwa ameniambia lolote kabla, hata kwa kunidokeza. Nilisema ndiyo. Nilisema kwa sababu alikuwa amekonda uso na nilitaka alale kwa amani, na pia kwa sababu niliogopa: kota ni ya askari, si ya mjane. Nikamimina chai kwa hasira.

Nikamhamishia Mbale, kwa mama yangu, mtaa wa Nabuyonga, nipate mtu wa kunisaidia kumuuguza. Mama alikataa katakata mtu kufia kwake bila kuonwa na daktari mwingine. Akatupeleka kwa daktari mzee aliyewahi kufanya kazi Karamoja. Yule mzee alilipapasa tumbo, kisha akauliza, "Afande, ulipokuwa mtoto, nani alikusafisha ukijinyea?"

Mume wangu akacheka kidogo, mara ya kwanza kwa wiki nyingi. "Mbwa," akasema. "Kwetu mbwa ndiye yaya."

Si kansa, mzee akatueleza. Ni mfuko wa maji unaotokana na mayai ya mnyoo wa mbwa. Mtoto huyameza akilambwa, na mfuko hukua polepole ndani ya ini, miaka na miaka. Ile sindano ingeweza kuupasua, maji yakamwagika ndani na kumuua palepale. Nilikaa chini sakafuni nikalia kwa sauti, wala sikuona aibu.

Walimpasua. Nesi alinionyesha beseni: vifuko vyeupe vyenye maji, vidogo kwa vikubwa, kama mayai yasiyo na ganda.

Wiki ya pili mdogo wake akaingia wodini. Alikuwa amekuja kuzika, akamkuta kaka yake anakunywa uji. Wakashikana mikono muda mrefu. Kisha mume wangu akasema, "Maneno yale nayarudisha."

"Nimeyaacha," mdogo wake akajibu.

Wakanitazama, kwa kuwa kinywa changu nacho kilikuwa kimesema. Nililotakiwa kusema lilikuwa neno moja tu. Nilimpenda mume wangu, Mungu anajua, lakini alikuwa amenigawa bila kuniuliza, na sasa alitaka nirudi kwa namna ileile. Nilinyamaza. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaacha kukohoa atusikilize. Mkono wa mume wangu ulianza kutetemeka, uji ukamwagika kwenye shuka. Siku ya kuambiwa kansa mkono ule haukutetemeka.

"Nayarudisha," nikasema mwishowe, nikachukua kitambaa nikamfuta.

Sasa amestaafu, tunalima pamoja. Hajawahi kuniuliza kwa nini nilikawia. Ila tangu siku ile hampi mtu hata kuku wa nyumba hii kabla hajaniuliza.