Kiti cha Mama Mkwe

Gari la marehemu baba lilinifikia likiwa limechoka, nami nikaapa litakimbia robo maili kwa kasi kuliko magari yote ya Likasi. Nililitia injini kubwa, nikabadilisha kabureta, kisha nikalipunguzia uzito: mazulia, bampa, tairi la akiba. Kiti cha nyuma sikukigusa. Kilikuwa cha mama mkwe. Kwetu mume hakai bega kwa bega na mama wa mke wake, wala hasemi naye uso kwa uso. Kila Jumapili nilimpeleka misa akiwa nyuma, mke wangu mbele, na maneno yote yakipitia kwake.

Wenzangu wa mashindano walinicheka eti nabeba kanisa zima. Niliwatukana, nikaendelea kushindwa.

Jumapili moja tulipotoka misa, nikasikia sauti nyuma yangu: “Umwambie bwana yako atupeleke kule banakimbizaka mutuka.”

Tulipofika kwenye barabara iliyonyooka ya Buluo, tunakoshindanisha magari, mama mkwe akashuka. “Umwambie atoe kiti. Miye nitaikalia hapa.”

Nikafungua bolti, nikakiweka kando ya barabara. Akakaa, mkoba magotini, kama yuko sebuleni kwake. Nikajipanga mstarini na wenzangu, na gari likaruka! Walionicheka niliwaona kwenye kioo tu.

Niliporudi nilitamani kumshika mikono yote miwili, lakini heshima ni heshima. Nikamwomba mke wangu amwambie asante.

Mama mkwe akainuka, akakipangusa kiti vumbi.

“Umwambie airudishe. Na Jumapili ingine tuende misa ya kwanza, tusikawie kufika hapa.”