Atomu Siku ya Salongo

Mwaka niliomaliza masomo ya usiku pale Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, redio ilisema wataalamu wanafikiria kompyuta ya atomu. Atomu moja, walisema, itabeba sifuri na moja kwa wakati uleule. Nilikosa usingizi mpaka samaki wa ziwa zima wakajua. Inawezekanaje? Maelezo yangetolewa Jumamosi asubuhi, saa ileile ya salongo, kazi ya lazima ya kulima barabara, na aliyekosa alifungiwa kasho, chumba cha mahabusu.

Basi Jumamosi nikalima mbele ya dirisha la shangazi, mwenye redio. Nililima hapo mpaka pakakaribia kuwa kisima. Mtangazaji akaanza: "Sasa, ukiitazama atomu hiyo..."

Chefu wa mtaa, msimamizi wa salongo, akasimama nyuma yangu. "Citoyen, mwananchi, unatafuta dhahabu?"

"Chefu, banasema kintu kidogo kinaweza kuwa huku na kule pamoja. Uniache nisikie."

Akasikiliza kidogo. "We, mi nakuona fasi moja tu. Na barabara iko kule."

Nikabeba jembe, shingo imegeukia dirishani. Jioni nilirudi mbio kumwuliza shangazi walisema nini.

"Walisema vizuri sana," akanijibu, akiendelea kuchagua maharagwe.