Fudgel, au Mfereji Ambao Sikuuchimba

Sikuchimba, mwanangu. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimesema nilichimba, nimeapa nilichimba, na mara moja nilionyesha kovu la sufuria ya moto kiganjani nikadai ni la jembe. Sikuchimba.

Nakumbuka ilikuwa Jumamosi ya salongo, ile kazi ya pamoja ya mtaa, hapa Kasenga, mvua zikikaribia. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuo kikuu Bukavu, na Kiingereza kingi na mikono laini. Shefu wa avenue, kiongozi wa mtaa wetu, aligawa mfereji vipande vipande, watu wawili kwa kila kipande. Mimi nilipangwa na Espérance, jirani yetu, mke kijana aliyeolewa kutoka Runingu, mwenye mtoto wa miezi mitatu mgongoni.

Espérance alichimba. Alichimba bila maneno, kama mtu aliyekulia shambani. Mtoto akilia, alikaa ukingoni, akamnyonyesha, akarudi shimoni. Mimi sikukaa hata mara moja. Nilisimama, jembe mkononi, nikijipangusa jasho ambalo halikuwepo. Shefu akipita, nilipigapiga udongo ule ule ambao mwenzangu alikwisha kuulegeza. Akiondoka, niliegemea mpini nikatazama ziwa. Alipopita mara ya tatu akawaambia watu, "Muone mwanafunzi! Hapumuzike hata kidogo!"

Nami, bila haya, nikajibu, "Tunajikaza, papa shefu."

Kipande chetu kilibaki nusu. Jumanne mvua ilishuka kutoka milimani. Maji yalifika pale penye kina kifupi, yakaruka, yakaingia nyumbani kwa mama mkwe wa Espérance. Unga uliloa, na ukuta wa matofali mabichi ukaanguka upande mmoja. Watu wakakusanyika kuulizana nani alizembea.

"Ni huyu wa kukaa-kaa!" akasema mama mkwe, akimnyooshea kidole mkamwana wake. "Minye nilimuona na macho yangu. Mwenzake alikuwa anasimama siku muzima!"

Espérance alinitazama mimi. Nikasema, "Minye nilichimba."

Mwezi ule haukuisha kabla hajarudishwa kwao Runingu, na sababu waliyotoa ilikuwa moja: mvivu.

Miaka baadaye, nikipekua kamusi nene, nilikutana na neno ambalo Waingereza wenyewe karibu wote wamelisahau: fudgel. Maana yake si kukaa bure. Ni kujionyesha uko kazini huku hufanyi chochote. Lilitumika karne chache zilizopita, kisha likafifia, na asili yake haijulikani kwa hakika. Nilifunga kamusi kwa hasira. Watu wa mbali, wasionijua, walinitengenezea jina kabla babu yangu hajazaliwa! Halafu nikafanya nini? Nikalipeleka darasani ninakofundisha Kiingereza, nikaeleza maana yake kwa madaha, wanafunzi wakacheka sana. Mfereji sikuutaja.

Sasa juzi ukanionyesha simu yako. Katika kundi la WhatsApp la mtaa mmeweka picha ya mama aliyekaa ukingoni siku ya salongo, na chini yake mmeandika: "Mvivu wa wiki." Nilitaka kuitupa simu hiyo ziwani. Nani alimuuliza amechimba tangu saa ngapi? Na wale wanaume watatu nyuma yake, majembe begani, mashati makavu, mbona wao hamkuwaandika kitu? Nchi hii imejaa watu waliosimama! Wako katika mabiro ya serikali, wamepanga mihuri mezani, kila siku "tunashughulikia", nasi tunawaita wakubwa. Lakini mama akikaa dakika kumi kunyonyesha, tunampiga picha.

Basi sikiliza. Usiangalie mtu amesimama au amekaa. Angalia shimo lina kina gani, na uulize nani alilichimba. Ukichoka, kaa mbele ya watu wote, usione aibu. Mwenzako akitukanwa kwa uvivu wako, fungua kinywa siku ile ile, maana ukichelewa watu watakuwa wameshakuheshimu, na heshima ya namna hiyo ni ngumu kuirudisha. Ile picha uifute leo, na ukamwombe yule mama msamaha. Mungu akupe mikono inayofanya kazi kweli, mwanangu, na akupe marafiki wasioogopa kukwambia ukweli.

Kabla ya jana sikuwa na haki ya kukuandikia haya. Jana nilitafuta namba ya Espérance, nikampigia huko Runingu, nikamwambia yote. Akacheka.

"Weye! Ulikuwa unashika jembe kama vile padri anashika mushumaa. Unafikiri sikuona?"

"Mbona hukusema, dada?"

"Nani angeniamini minye, na weye ulikuwa mutu wa universite?" Hapo kicheko kikaisha sautini mwake. "Ngoja niweke telefone sauti ya juu. Batoto yangu yote iko hapa. Tangu zamani banasikia mama yabo alifukuzwa juu ya uvivu. Sema tena."

Nikasema tena.