Mkia wa Kondoo

Mwaka ule niliuishi kama mtu aliye nusu usingizini. Hedhi ilikuwa imekoma, na joto lilinipanda kifuani hata asubuhi za baridi hapa Lanet, ukungu umefunika mabati na mimi nimesimama uani nimevua sweta. Mume wangu nilimwambia ni malaria. Jitu zima nikadanganya, eti naona haya.

Daktari aliyenipima damu alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu. Akaniambia, "Mama, mafuta mabaya yamepanda kwenye damu. Homoni ya uzazi ilikuwa inakusaidia kuyazuia, na sasa imepungua. Usipojichunga, moyo utaumia. Punguza nyama yenye mafuta, tembea, urudi tupime tena."

Nikamkumbuka mamangu. Alianguka shambani Keringet akafa, miaka michache tu baada ya kuacha kupata siku zake. Sisi tulisema ni mawazo mengi. Niliogopa, siwezi kuficha.

Jumamosi tukaenda Kikopey kula nyama, kama kawaida yetu. Tangu nijifungue mtoto wa kwanza, mume wangu hukata mkia wa kondoo, mafuta matupu, akauweka upande wangu. Mamake alimfundisha kwamba mwanamke aliyezaa hujengwa kwa mafuta. Watoto wameshaoa na kuolewa, yeye bado ananijenga. Maneno ya mapenzi hana, huyo mzee. Ana kisu.

Moshi ulitanda polepole juu ya meza, vilima vikawa vinaonekana na kupotea, na kwa muda nikasahau nilichokuja nacho moyoni. Kisha mkia ukafika mbele yangu, unatiririka mafuta. Nikapiga moyo konde, nikamweleza yote: hedhi, joto, damu, mama.

Akainamisha macho kwenye ubao wa nyama.

"Kumbe nimekuwa nikikuumiza," akasema.

"Wacha hayo. Ulinijenga. Ni mwili umebadilika."

Akaurudisha ule mkia kwake, akausukuma hadi ukingoni. Akashika kisu tena, akakipeleka kwenye mbavu, akakitoa, akakipeleka kwenye paja, akakitoa. Miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akisita mbele ya nyama.

"Sasa nikukatie wapi?" akaniuliza.